Midomo Imefumba, Sauti Bado Inasema

Tangu tulipoeleza katika toleo lililopita kwamba filamu fupi bado inaweza kutengenezwa kwa mkanda mwembamba, wa Super 8 (upana wa milimita 8) au wa milimita 16, hapa Dar es Salaam, barua hazijakoma kuingia, na wengi wa walioandika hawaulizi habari za picha bali za sauti. Nimefurahi kuona hivyo. Picha ya mkanda humvumilia mwanafunzi makosa mengi, kwa maana hata ikiwa na giza kidogo au chembechembe nyingi bado hutazamika, lakini neno likipishana na mdomo wa msemaji, mtazamaji hajali tena kinachosemwa. Nimechagua barua tano, nami nitakaa zaidi kwenye ile ya kwanza kwa kuwa jibu lake linagusa karibu zote.

Shikamoo, mwalimu. Mimi ni kijana wa Temeke. Marehemu babu aliniachia kamera ya Super 8 ambayo bado inafanya kazi vizuri. Nimepiga mazungumzo ya mama yangu mdogo, ambaye ni fundi cherehani, na binti yake, huku nikinasa sauti kwa simu. Mkanda uliposafishwa na kurudi ukiwa faili la kompyuta, niliweka sauti chini ya picha. Mwanzoni maneno yanakaa kwenye midomo barabara, lakini kadiri wanavyoendelea kuzungumza, midomo inafumba na sauti bado inasema. Je, simu yangu ni mbovu?

Marahaba, mwanangu. Simu yako ni nzima, na kamera ya babu yako pia ni nzima. Tatizo ni kwamba kila moja ina saa yake, na saa hizo mbili hazijakubaliana.

Simu huhesabu muda kwa kristali ya kwatzi, sawa na saa ya mkononi, na kristali hiyo hutetemeka kwa kipimo ambacho hakibadiliki kwa kiasi cha kukusumbua wewe. Kamera yako huvuta mkanda kwa mota ndogo ya betri. Kwenye kitufe chake imeandikwa 24, yaani fremu (picha mojamoja za mkanda) 24 kwa sekunde, lakini kwa kamera ya aina hiyo 24 ni makadirio. Betri zikichoka mota hulegea, katriji, yaani kasha lenye mkanda, ikiwa nzito kuzunguka mota hulegea, na joto nalo lina mchango wake. Kodak ilipoanzisha Super 8 mwaka 1965, ilikusudia watu wapige sherehe za nyumbani na safari za familia bila sauti, kwa hiyo hakuna aliyejali kama kamera ilikwenda kwa 24 kamili au kwa 23 na nusu. Wewe umeitwisha kazi ambayo haikuumbwa kwayo, na ninakusihi usiiache kwa sababu hiyo, kwani inawezekana kuifanya.

Kwanza ujue ukubwa wa kosa. Kamera ikipotoka kwa asilimia 1 tu, baada ya sekunde 10 picha na sauti zitakuwa zimeachana kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, ambayo ni zaidi ya fremu mbili, na hapo ndipo jicho linapoanza kuhisi kwamba kuna jambo haliko sawa hata kama mtazamaji hawezi kulitaja. Lakini katika kipande cha sekunde 4 au 5, upotofu huohuo ni fremu moja hivi, na hakuna atakayeuona. Maana yake ni kwamba kamera hii inaweza kukupa mazungumzo kamili iwapo utayakata vipande vifupi na kukilandanisha kila kipande peke yake, yaani kuoanisha sauti na picha yake, badala ya kuweka sauti ndefu mara moja na kutumaini kwamba itafika mwisho salama.

Pili, piga klapa mara mbili. Klapa ni kile kibao chenye mkono wa kugongesha ambacho umekiona mara nyingi, na ukikosa kibao, viganja vyako vinatosha alimradi vionekane vizuri kwenye picha. Wengi hupiga mwanzoni tu. Wewe piga mwanzoni, acha waigizaji waseme maneno yao, kisha kabla hujaachia kitufe cha kamera piga tena. Ukifika kwenye kompyuta, sogeza picha fremu moja moja. Utaiona fremu ambayo mkono wa kibao umefifia kwa sababu bado unashuka, na inayofuata ambamo umetulia juu ya kibao, kingo zake zikionekana wazi. Hiyo ya pili ndiyo fremu yako. Kwenye mchoro wa sauti utaona mwiba mmoja mrefu uliosimama peke yake. Fremu hiyo na mwiba huo vikae mahali pamoja.

Sasa fanya hesabu. Tuseme kati ya mwiba wa kwanza na wa pili sauti inaonyesha sekunde 20 kamili, lakini ulipohesabu fremu kutoka klapa hadi klapa ulipata 468. Gawanya 468 kwa 20, utapata 23.4, na huo ndio mwendo halisi wa kamera yako siku ile. Fremu hizo 468 zikichezwa kwa 24 zitakwisha kwa sekunde 19 na nusu, na ndiyo sababu midomo inafumba kabla ya sauti. Programu yoyote ya kuhariri inaweza kuibana sauti kwa asilimia 2 na nusu bila kuifanya iwe nyembamba, na masikio hayatagundua. Usidhani kwamba hesabu ya leo itafaa kesho: rudia kwa kila kipande, na weka betri mpya asubuhi ya kila siku ya kazi.

Jihadhari na umbali pia. Katika joto letu sauti husafiri mita 350 hivi kwa sekunde, yaani mita 14 au 15 katika muda wa fremu moja. Klapa ikipigwa mbali na maikrofoni kwa kiasi hicho, mwiba utachelewa kwa fremu nzima, nawe utalandanisha kila neno mahali pasipo pake. Ipigie karibu na maikrofoni.

Tatu, na hili ndilo ninalolithamini kuliko hesabu zote, iandike filamu yako upya ukijua kamera yako inaweza nini. Mama yako mdogo ni fundi cherehani. Tukitazama vidole vyake vikisukuma kitambaa chini ya sindano, au uso wa binti yake anaposikiliza, maneno yake yatasikika bila hata mdomo mmoja kuonekana, na hapo hakuna cha kulandanisha. Weka midomo kwenye picha pale tu ambapo ni lazima tumwone mtu akisema, pengine sentensi tano au sita katika filamu nzima, na sentensi hizo uzipige kwa uangalifu wote nilioueleza. Utakuta kwamba filamu imekuwa bora. Uso wa anayesikiliza mara nyingi hubeba habari nzito kuliko uso wa anayesema.

Ndugu Mhariri, nimefanikiwa kuazima kamera ya milimita 16 ya Bolex, ile ya kuzungushwa kwa ufunguo. Tulipiga ndani ya nyumba huku Kinondoni, na sauti yote imejaa mlio wa kamera kama cherehani. Je, kuna programu ya kuuondoa? Ni mimi dada msomaji wenu wa siku nyingi.

Dada yangu, programu za kupunguza kelele zipo, lakini mlio wa kamera huenda kwa mapigo na hupita katika masafa yaleyale ya sauti ya binadamu, hivyo ukiung'oa unang'oa na nyama ya sauti, na msemaji anabaki kana kwamba anasemea ndani ya ndoo. Dawa iko kwenye chumba mlichopigia.

Bolex H16 ni mashine ya kupendeza ambayo mimi mwenyewe nimeitumia, lakini haikutengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Springi yake ikizungushwa hadi mwisho huendesha mkanda kwa nusu dakika hivi tu, na gia zake husikika chumba kizima. Kamera za milimita 16 zilizotengenezwa kwa ajili ya sauti, kama Arriflex 16SR, Eclair na Aaton, ni tulivu, na mota zake huongozwa na kristali. Ukiweza kuazima mojawapo, mambo mawili yamekwisha kwa mara moja: kelele imepungua, na mwendo haupotoki kwa kiasi cha kuonekana katika kipande chote.

Ikiwa Bolex ndiyo uliyonayo, isogeze mbali. Weka kamera uani, ipige kupitia dirishani kwa lenzi ndefu, na waigizaji wakae ndani na maikrofoni karibu na vifua vyao. Kama chumba hakina nafasi hiyo, ifunike kamera kwa blanketi zito lililokunjwa mara mbili, ukiacha tundu la lenzi na la jicho, na kitambaa kisiguse pete ya fokasi. Tandika mkeka na magodoro sakafuni, tundika mablanketi ukutani nyuma ya kamera, kwa sababu sehemu kubwa ya mlio unaousikia si ule unaotoka kwenye kamera moja kwa moja bali ule unaogonga sakafu ya saruji na kurudi. Maikrofoni iangalie midomo, mgongo wake ukiwa upande wa kamera. Umbali una nguvu kuliko maikrofoni ya bei ghali: ya bei nafuu iliyo sentimita 40 kutoka mdomoni itaishinda ya ghali iliyo mita 2.

Kisha sikiliza nyumba yenyewe kabla hujamwita mwigizaji. Zima feni. Zima friji, na weka funguo zako za nyumba ndani yake, ili usiweze kuondoka bila kukumbuka kuiwasha tena. Ushauri huu nilipewa na fundi sauti mzee baada ya mimi kuharibu samaki wa watu katika nyumba moja ya Ilala, na sijausahau. Kunguru wa Dar es Salaam huanza mapema na huchachamaa jioni, kwa hiyo mazungumzo ya utulivu yapangie katikati ya asubuhi. Adhana ikianza, simamisheni kazi msubiri imalizike, kwa heshima na kwa sababu ya uhariri pia, maana adhana iliyokatwakatwa na uhariri itamuumiza kila anayeijua. Mwisho wa yote, kabla ya kufungua madirisha, waombe watu wote wakae kimya palepale walipo na unase dakika moja ya ukimya wa chumba. Ukimya huo una sauti yake, na ndio utakaouweka chini ya viungo vyote unapokata, ili chumba kisionekane kubadilika kila mtu anapofungua mdomo.

Mwalimu, kamera yetu ina 18, 24 na 25. Kwa filamu yenye sauti tuchague ipi? Kikundi cha wanafunzi, Changanyikeni.

Chagueni 25. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za tyubu huwaka na kufifia mara mbili katika kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Mia moja hugawanyika kwa 25 bila baki, hivyo kila fremu hupata mwanga sawa. Mkipiga kwa 24 chini ya taa hizo picha inaweza kupumua, ikipanda na kushuka mwanga, na kasoro hiyo hairekebishiki kirahisi. Wale ambao kamera zao zina 24 tu watumie jua au balbu za waya, ambazo hazifuati mapigo ya umeme kwa ukali huo. Taa za LED za bei rahisi zijaribuni kwanza, nyingine hupepesa vibaya. Na kama mnatumia jenereta ndogo msiamini kwamba ni hezi 50, kwa kuwa hubadilika kadiri mzigo unavyobadilika. Ile 18 iacheni kwa picha zisizo na maneno. Hakikisheni tu kwamba maabara inayoingiza mkanda kwenye kompyuta inaambiwa kwa maandishi ni mwendo gani mliotumia, na kwamba kinasa sauti kimewekwa kwenye 48,000, yaani vipimo vya sauti 48,000 kwa sekunde.

Ndugu Mhariri, nina hadithi ya dakika sita. Nahitaji katriji ngapi za Super 8, na nitazitunzaje katika joto hili? Msomaji, Kigamboni.

Katriji moja ina futi 50, ambazo ni fremu 3,600. Kwa 24 utapata dakika 2 na nusu, kwa 25 dakika 2 na sekunde 24. Mwongozaji mwangalifu anayerudia kila kipande kwa wastani mara nne atapiga dakika 24 ili abaki na 6, na hizo ni katriji 10 kwa mwendo wa 25. Kwa mazungumzo ongeza mbili, kwa sababu klapa na zile sekunde chache za kusubiri kamera ishike mwendo nazo hula mkanda. Mazoezi fanyeni bila mkanda, tena mengi. Kwa kulinganisha, mkanda wa milimita 16 wa futi 100 una fremu 4,000, lakini uso wa kila fremu ni mkubwa zaidi ya mara tatu, nao hugharimu zaidi kwa kila dakika katika kila hatua.

Kwa nje mchana, chukua filamu ya rangi ya kasi ya 50 (kasi hapa ni wepesi wa mkanda kunasa mwanga) iliyotengenezwa kwa mwanga wa jua, kwa kuwa jua la saa sita hapa kwetu ni kali mno kwa filamu ya kasi ya 500. Ndani ya nyumba 200 au 500 itakufaa.

Zihifadhi kwenye friji zikiwa ndani ya mifuko yake ambayo haijafunguliwa. Siku ya kazi zitoe mapema, uziache saa mbili hivi ndani ya mifuko hiyo hadi zifikie joto la hewa. Ukifungua ikiwa baridi, unyevu wa Dar es Salaam utaganda juu ya mkanda kama unavyoganda kwenye chupa ya soda, na madoa yake hayatoki. Ukishapiga usiiweke ndani ya gari lililosimama juani hata kwa nusu saa, na usiikalishe miezi kabla ya kuipeleka kusafishwa. Maabara ninazozijua mimi ziko Ulaya, London na Berlin zikiwemo, hivyo kusanya katriji zote uzitume kwa pamoja. Anayesafiri nazo kwa ndege azibebe mkononi na aombe kwa adabu zikaguliwe kwa mkono, kwa sababu mashine mpya za ukaguzi zina mionzi yenye nguvu ya kuitia ukungu filamu ambayo haijasafishwa, hata ya kasi ndogo.

Mhariri mpendwa, mimi ni mzee wa Upanga. Nimefungua kasha la marehemu ndugu yangu, nimekuta reli za Super 8 za harusi ya familia, zenye mstari wa kahawia pembeni. Zinanuka kama siki. Mjukuu anasema mstari huo ni sauti. Je, ni kweli, na bado inaweza kusikika?

Shikamoo, mzee wangu. Mjukuu amesema kweli. Mwaka 1973 Kodak ilitoa katriji za Super 8 zilizopakwa mstari wa sumaku, na kamera zake zilinasa sauti palepale kwenye mkanda, hivyo picha na neno vilisafiri pamoja na havikuweza kuachana. Katriji hizo ziliacha kutengenezwa mwaka 1997, na ndiyo maana vijana walioandika hapo juu wanahangaika na mashine mbili ambapo ndugu yako alihitaji moja.

Njia ile ilikuwa na ugumu wake. Mkanda hupita mbele ya lenzi kwa kurukaruka, fremu moja moja, lakini sauti hutaka mkanda uteleze kwa mwendo wa sawasawa. Kwa hiyo kichwa cha sauti kiliwekwa mbali kidogo, na neno likakaa fremu 18 mbele ya mdomo uliolisema. Aliyekata mkanda kwenye mwisho wa picha alikata neno la mtu mwingine. Ukiona kwamba katika harusi ile maneno yanakatika ghafla pale picha inapobadilika, si uchakavu, ni mkasi.

Harufu ya siki ndiyo inayonitia wasiwasi. Mkanda wa asetati, ambayo ni aina ya plastiki, ukiwekwa penye joto na unyevunyevu huanza kuoza na kutoa asidi, asidi hiyo huharakisha uozo, na chuma kilichomo kwenye ule mstari wa sumaku huuharakisha zaidi. Mkanda husinyaa, hujikunja, na hatimaye haupiti tena kwenye mashine yoyote. Naomba, mzee wangu, usijaribu kuuonyesha kwa projekta ya zamani, hata kama unaiona ni nzima, kwa kuwa meno yake yatararua matundu yaliyosinyaa. Zitoe reli hizo kwenye makopo yaliyobana zipate hewa, zitenge na mikanda mingine isiyonuka maana mvuke wake huambukiza, ziweke mahali pa ubaridi pasipo na unyevu, na zipelekwe mwaka huuhuu kwenye maabara yenye mashine ya kusoma mstari wa sumaku pamoja na picha. Uwaambie waziwazi kwamba zina sauti, kwa sababu maabara nyingi husoma picha pekee usipowaeleza. Ukitaka, mtume mjukuu ofisini kwetu na reli moja, ile inayonuka kidogo kuliko zote. Nitaitazama kwa lenzi ya mkononi na kumwonyesha jinsi ya kupima kusinyaa kwake kwa kuilaza sambamba na kipande cha mkanda mpya na kuhesabu matundu.